Somo: Kuchagua intakula ya Subaru turbo unayoendesha kila siku

Wakuu habari zenu. Hili swali linarudi sana: mtu ana Impreza WRX au Forester XT, kashabadilisha ekzosti, sasa anataka intakula (intercooler, kile kipoza hewa kinachopoza hewa iliyobanwa na turbo kabla haijaingia kwenye injini), na kitu cha kwanza anauliza ni ipi kubwa kuliko zote. Nimeona niandike somo zima kwa mpangilio, alafu maswali yaliyokuja nimeyajibu huku chini. Naongelea injini za EJ20 na EJ25, yaani gari nyingi za turbo tunazoziona Nairobi, zile ambazo intakula imelala juu ya injini na inapata hewa kupitia skupu ya boneti, lile tundu la juu yake. Na naongelea gari ya kwenda kazini, kupeleka watoto shule, na wikendi ukapandisha Limuru ukashuka Naivasha.

Kwanza elewa joto linatoka wapi

Turbo ikibana hewa, hewa inapata moto, hilo halikwepeki. Nairobi tuko juu, presha ya hewa ya kawaida ni kama kPa 82, Mombasa ni 101. Ukiona bar 1 kwenye geji ya busti (presha ambayo turbo inaongeza juu ya ile ya kawaida), turbo ya Nairobi inabana hewa kama mara 2.2, ya Mombasa kama mara 2 tu. Chukua turbo yenye ufanisi wa asilimia 70 upige hesabu: Nairobi hewa iliyoingia na nyuzi 25 inatoka kwenye turbo ikiwa na kama 130, Mombasa hewa ya nyuzi 32 inatoka na kama 127. Kwa hiyo anayekwambia Nairobi kuna baridi huhitaji intakula nzuri, mwinuko kausahau kabisa.

Kila ukipunguza nyuzi 10 hewa inakuwa nzito kwa karibu asilimia 3, hiyo ndo nguvu ya ziada watu wanaitafuta. Ila mimi kinachonigusa zaidi ni noki, yaani petroli kulipuka vibaya kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Hizi STI (toleo kali zaidi la Impreza) na WRX za Japani zilitengenezwa kwa petroli yao ya kiwango cha juu, haioku, RON (kipimo cha petroli kuvumilia noki) 96 kwenda juu, na Super yetu ya kawaida haifiki huko. Hewa ya moto, petroli dhaifu, busti ya kutosha, hapo injini inaanza kugonga, na EJ25 ya turbo ikigonga mara nyingi inavunja pistoni pale kwenye kingo zinazoshika ringi. Intakula kwa gari ya kila siku ni ulinzi kwanza, nguvu baadaye.

Hatua ya 1: pima uliyonayo

Usinunue kitu kabla hujapima, na hapa wengi wanadanganyika vibaya sana. Kwenye hizi EJ sensa ya joto la hewa iko ndani ya MAF, sensa inayopima hewa inayoingia, pale karibu na kichujio, kabla ya turbo. Ukichomeka kile kidude cha kusomea kompyuta ya gari (OBD) ukafungua app ya simu ukaona nyuzi 30, hiyo ni hewa ya nje tu, haijapita kwenye turbo wala kwenye intakula, kompyuta ya gari yenyewe haijui kinachoingia kwenye injini kina joto gani. Tafuta kipimajoto cha waya aina ya K, waya mmoja uingie baada ya turbo na mwingine baada ya intakula karibu na throto (mlango wa hewa ya kuingia kwenye injini), fundi anayejua kazi atatoboa na kuchonga nyuzi za skrubu kwenye paipu ya alumini bila shida.

Hesabu yake ni rahisi. Kama inatoka turbo na 130, nje ni 25, na baada ya intakula unasoma 50, umetoa nyuzi 80 kati ya 105 zilizowezekana, hiyo ni asilimia 76, ni nzuri. Ukikuta iko chini ya asilimia 60 hapo una sababu ya kutumia pesa.

Kabla ya hapo lakini, pima uvujaji. Ziba mdomo wa hewa kabla ya turbo, jaza upepo taratibu hadi psi 15, nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila mpira na kila maungio. Intakula kadhaa za kiwandani zina tenki za pembeni za plastiki zilizobanwa na meno ya alumini, na zikizeeka zinavuja pale kwenye meno, utaona povu dogo linachemka. Gari nyingi zinazolalamikiwa kukosa nguvu zinaumwa hapo tu, na dawa yake ni klempu au mpira.

Hatua ya 2: juu au mbele

Hapa ndo ubishi ulipo. Intakula ya juu ina paipu fupi, ukikanyaga gari inaitika haraka, na kuifungua ni kazi ya bolti chache. Ubaya wake imekaa juu ya injini, ukisimama foleni ya Mombasa Road dakika 20 inapika, na ukitoka unaanza safari na kipande cha alumini chenye moto. Ya mbele inakaa kwenye upepo, haipikwi na injini, na kwenye safari ndefu ya mwendo inabaki na joto karibu na la nje. Ila paipu ni ndefu, kuna maungio mengi ya kuvuja, wakati mwingine unakata chuma cha nyuma ya bampa kile kinachokulinda ukigonga, na inakaa mbele ya rejeta na kondensa ya AC.

Maoni yangu nayasema wazi: kama gari yako haijafika farasi 350 hivi na unaishi kwenye foleni, kaa na ya juu iliyo nzuri. Najua wengi tulipenda Subaru tangu McRae alipobeba Safari Rally 1997 na Burns 2000, na tunataka gari ifanane na zile, lakini zile gari injini inafunguliwa kila baada ya mashindano, yako inatakiwa ikupeleke ofisini Jumatatu.

Kuna ya tatu, ya maji, ambayo hewa inapozwa na maji yanayozungushwa na pampu kwenda kwenye rejeta ndogo ya mbele. Inafanya kazi vizuri sana, ila pampu ikifa kimya kimya hujui mpaka injini iseme, kwa gari ya kila siku siipendi.

Hatua ya 3: kiini chenyewe

Kiini ni ile sehemu ya katikati hewa inapopozwa. Kuna ya tyubu na fini (tube and fin), na kuna ya ba na pleti (bar and plate). Tyubu na fini ni nyepesi, hewa ya nje inapita kirahisi, na ikishapata moto inapoa haraka gari ikianza kutembea. Ba na pleti ni nzito na ngumu, inavumilia mvuto wa nguvu mrefu kabla haijapanda joto, ila ikishapikwa foleni inachukua muda kurudi. Mtu wa track day achukue ba na pleti. Mtu wa foleni na mbio fupi fupi asiogope tyubu na fini iliyotengenezwa vizuri, hii ya kusema nzito ndo bora ni maneno ya wauzaji.

Alafu upotevu wa presha, kitu ambacho muuzaji hatakwambia. Weka geji kabla na geji baada, kanyaga mpaka mwisho gia ya tatu au ya nne mahali salama, angalia tofauti. Psi 1 mpaka 1.5 ni sawa. Ikifika 3, hiyo intakula inaikaba turbo, turbo inazunguka zaidi kufidia, inatoa hewa ya moto zaidi, umelipa pesa ukarudi palepale.

Ukiwa na bidhaa mkononi, iwe pale Kirinyaga Road au imeagizwa, mulika tochi kwenye mdomo wake uangalie ndani. Tafuta vifini vidogo ndani ya vijia vya hewa, kama ni vijia vitupu hewa itapita katikati bila kugusa ukuta. Pitisha kidole kwenye weldi kwa ndani, ukikuta vitone vimening'inia vitakuja kukatika viingie kwenye injini. Itikise usikilize. Kopi nyingi zinafeli hapa, kwa nje zimeng'arishwa mpaka unajiona, kwa ndani zina unga wa alumini. Yoyote utakayonunua ioshe na petroli au brake cleaner, ipulize na upepo, na uikaushe kabisa kabla haijapanda kwenye gari.

Hatua ya 4: kufunga, hasa sponji

Intakula ya juu bila sponji ya kuziba kati yake na boneti ni hasara tupu, hewa ya skupu itapita pembeni ikapoze uchafu. Weka sponji yake, paka chaki juu ya sponji mzunguko mzima, funga boneti, fungua, angalia chini ya boneti. Chaki inatakiwa iache mstari usiokatika. Palipokatika ongeza sponji. Kazi ndogo sana hii na hakuna fundi niliyemwona akiifanya bila kuambiwa.

Mpira wa kwenye throto ufute oili yote, huwa unateleza ukachomoka kwenye busti. Mafundi wengine wanapuliza hair spray ndani ya mpira kabla ya kuuvisha, ikikauka inashika, na kweli inasaidia. Gasketi ya bypass valve (vali inayorudisha hewa ya busti ndani ukiachia mafuta) badilisha, usirudishe ya zamani.

Hatua ya 5: tyuni na kuangalia logi

Ukiweka ya mbele lazima utyuni, yaani kurekebisha programu ya kompyuta ya injini, busti itabadilika tabia. Ukiweka ya juu kubwa kidogo gari itatembea, ila bado soma logi, yaani rekodi za kompyuta ya gari. Kwa kebo ya Tactrix na programu ya bure ya RomRaider unaona kila kitu. Angalia IAM, namba inayoonyesha kompyuta inaiamini kiasi gani taiming (muda wa kuwasha cheche), inatakiwa ikae 1.0, kwenye kompyuta za zamani inasomeka 16. Ikishuka, kompyuta imesikia noki na imeanza kurudisha taiming nyuma, acha kukanyaga utafute sababu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Nakuru: Nina Forester SG5 auto, injini haijaguswa. Nimepata intakula ya STI iliyotumika, itaingia?

Itaingia bro ila sio ya kubandika tu, paipu ya kutoka turbo na bracket vitahitaji kazi, na sponji utengeneze upya ilingane na skupu yako. Kwa turbo yako ya kawaida, TD04, faida ya nguvu ni ndogo, faida utaiona kwenye joto ukipandisha mlima na mzigo. Kama bei ni nzuri na imepita mtihani wa sabuni, chukua.

Mwanachama, Dar es Salaam: Mkuu huku joto na foleni ya Mandela vinatumaliza. Ile spray ya maji ya STI inafaa?

Inafaa kaka, STI za Japani zilikuja nayo toka kiwandani. Maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto jingi. Ila yanataka upepo, ukinyunyiza umesimama yanachuruzika tu. Nyunyiza gari ikishashika mwendo, na tumia maji yasiyo na chumvi, ya kisima yatakuachia ukoko mweupe kwenye fini mpaka hewa isipite. Na ukitoka foleni ndefu ipe gari dakika mbili tatu za mwendo wa kawaida kabla hujakanyaga.

Mwanachama, Eldoret: Nikiweka ya mbele naweza pia kuweka blow-off ya kutoa hewa nje? Napenda ule mlio.

Mlio wake mtamu hata mimi naupenda, lakini MAF iko kabla ya turbo, hewa imeshahesabiwa na petroli yake imeshapangwa. Ukiimwaga nje, petroli inabaki nyingi kuliko hewa, gari inatoa moshi, inakohoa ukibadilisha gia na wakati mwingine inazima ukifika kwenye taa. Acha inayorudisha hewa ndani.

Mwanachama, Nairobi: Fundi wangu wa jua kali anasema achukue intakula ya lori akate aniwekee mbele, bei nusu. Nikubali?

Mimi ningekataa. Intakula ya lori imepangiwa injini ya dizeli inayovuta busti taratibu kwa muda mrefu. Kwako ujazo utakuwa mkubwa, utakanyaga usubiri, na midomo ikikatwa na kuchomelewa upya hewa inaishia kupita upande mmoja wa kiini. Fundi mwenyewe sina neno naye, mikono ya jua kali inachomelea alumini vizuri sana, mpe kazi ya kutengeneza paipu na bracket.

Mwanachama, Kampala: Yangu nimeifungua nikakuta oili ndani. Imekufa?

Utando mwembamba ni kawaida, mvuke wa injini unarudi kwenye hewa kupitia PCV, vali ya kutolea mvuke huo. Ukiinamisha ikamwagika kama chai hapo kuna shida, anza na PCV maana ni rahisi, alafu shika shafti ya turbo uone inacheza kiasi gani. Usifunge intakula mpya juu ya turbo inayotema oili, utaichafua ndani ya wiki.

Mwanachama, Thika: Mimi ni dada mwenye Forester SJ XT, ile isiyo na skupu. Somo linanihusu?

Linakuhusu dada, ingawa injini yako sio EJ, ila hewa yako inakuja kwa njia nyingine, kuna mfereji wa plastiki kutoka kwenye grili unaopita chini ya boneti. Kabla hujanunua chochote fungua boneti uangalie huo mfereji. Ukiwa umepasuka, au gari iligongwa mbele ikarudishwa bila mfereji wake, intakula yoyote utakayoweka itapika. Angalia pia mpira unaounganisha mfereji na intakula uko mzima mzunguko wote, tumia chaki ileile. Ukikuta viko sawa nitumie vipimo vya joto kabla na baada, ndo tuongee ya kununua.