Taka zimejaa nyuma ya ploti? Anza na daftari, wacha kelele

Huku kwetu Nakuru taka zilikaa wiki tatu bila kubebwa, mvua ikanyesha, mtaro ukaziba, maji meusi yakafika mpaka kwa kizingiti cha mama chapati. Na sisi tukafanya nini, tukapiga kelele kwa grupu ya wasapu siku nne mfululizo, kila mtu na sauti yake ya dakika tatu, alafu mtu akatuma mambo ya mpira ikaisha hivyo. Mimi napenda kusoma historia ya Marekani, ile miaka ya 1890 kwenda 1920 venye watu wa kawaida walisumbua serikali mpaka sheria zikabadilika, na nikagundua sisi tulianzia mwisho. Wale walianza kwa kuhesabu.

Kwa hivyo kwanza nunua daftari. Chicago kulikuwa na mama anaitwa Jane Addams, alikuwa anaishi Hull House, nyumba ya kusaidia majirani hapo Halsted Street katikati ya wahamiaji maskini, na vichochoro vilikuwa vimejaa uchafu kushinda wetu. Kiangazi kimoja wanawake 12 wa klabu yao pamoja na wakaaji wa hiyo nyumba wakaingia kichochoro kwa kichochoro, na kwa miezi miwili tu, Agosti na Septemba, idara ya afya ikapelekewa ripoti 1,037 za sheria kuvunjwa. Si ati "kuna taka mingi sana mheshimiwa", ni 1,037. Baadaye akaomba tenda ya kuzoa taka mwenyewe, wakamnyima, lakini 1895 meya akamfanya inspekta na akawa anaamka alfajiri kufuata magari ya taka. Kuna barabara moja walichimba wakapata ilikuwa imetengenezwa vizuri kabisa, imefunikwa tu na uchafu wa inchi 18. Hapo nilicheka juu kuna njia yetu moja ya nyuma naishuku.

Kwa daftari andika tarehe, mahali, kitu gani, na imekaa siku ngapi. Usiandike "kila siku" wala "tangu zamani". Mwenye alituandikia vizuri kushinda wote ni huyo mama chapati, anafungua saa kumi na moja asubuhi na anaandika nyuma ya kitabu cha madeni: "Jumanne. Handikati haijakuja. Gunia 14 kwa nguzo ya stima. Mbili mbwa wamepasua." Mwalimu mzima wa ploti yetu aliandika kurasa mbili za uchungu na hakuna namba hata moja ndani.

Picha nazo ziwe na kipimo. Kulikuwa na jamaa anaitwa Lewis Hine, kuanzia 1908 aliajiriwa na kamati ya kupinga ajira ya watoto apige picha kwa viwanda, na juu walikuwa wanamfukuza wakati mwingine alijifanya muuza Biblia ndio aingie. Alijua kila kifungo cha koti lake kiko urefu gani kutoka chini, so mtoto akisimama karibu naye anampima kwa macho tu, alafu anaandika kisiri mkono ukiwa mfukoni. Wewe una simu, huna haja ya hiyo ujanja yote. Weka jerikeni ya lita 20 kando ya rundo alafu piga, la sivyo utaambiwa umesongeza kamera karibu.

Na usiandike kitu hujathibitisha. 1902 taifodi iliingia huko karibu na Hull House, daktari Alice Hamilton akasema ni nzi wa vyoo, watu wakamwamini, baadaye ndio ikajulikana maji taka yalikuwa yameingia kwa mfumo wa maji ya kunywa. Andika tu chenye umeona.

Mkutano sasa. Wetu wa kwanza waliitwa wenye ploti peke yao, wapangaji tukaambiwa tutapewa taarifa. Taarifa ya harufu tunanusa wenyewe! Washington Machi 1913 wanawake waliandamana kudai kura, na Ida B. Wells, mwandishi wa habari mweusi, akaambiwa weusi watembee nyuma. Alikataa, akangoja kwa umati, alafu akaingia katikati ya wenzake wa jimbo la Illinois. Sisi tuliingia tu na viti vyetu.

Barua iwe na ombi moja. Sheria weka kidogo: kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya kinakuruhusu kupeleka ombi, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakuruhusu kupeleka kwa bunge la kaunti. Zingine zote ziwe namba za daftari. Wakili Louis Brandeis alifanya hivyo 1908 kwa kesi ya masaa ya kazi ya wanawake, kurasa zaidi ya 100 na hoja za sheria zilikuwa kama 2 hivi, na alishinda. Ukitaka ratiba ya kuzoa taka, iombe chini ya sheria ya kupata habari ya 2016, wana siku 21 kujibu. Beba nakala mbili na usitoke hapo bila muhuri kwa yako, barua yetu ya kwanza tuliambiwa "acha tu hapo" na hatukuiona tena.

Mzee mmoja alitaka tuombe vibanda vyote vifungwe. Hapana, marufuku haimalizi kitu. Marekani ilipiga pombe marufuku 1920, kufika 1933 wakairudisha, na hapa kwetu kila mtu anajua chang'aa iko wapi. Tuliomba handikati ije mara mbili kwa wiki.

Leo ni siku ya 9 tangu muhuri. Daftari iko gunia 31, na jerikeni ya kipimo imeibiwa, so tunatumia debe.