Kabla Hujamtuma Mtoto Ng'ambo Kusomea Uhandisi

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakitoka tu, simu huanza kulia Malindi na Lamu. Wakala wa Mombasa ana nafasi India, mjomba ana rafiki Uturuki, jirani aliyefanya kazi hotelini kwa Waitaliano anasema Torino ada ni nafuu. Kabla ya kumjibu yeyote, kaeni chini na kalamu, mzazi na kijana pamoja. Mengine hapa ni ya dakika moja. Moja litawachukua wiki nzima, na hilo ndilo msilikwepe.

Pasipoti iombwe sasa hivi, barua ya chuo itakuja baadaye. Ya kurasa 34 ni shilingi 7,550 kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na alama za vidole lazima uende kutoa mwenyewe, ambako kwa wengi wetu ni Mombasa. Aliyeko Faza au Kizingitini ahesabu na siku za mashua hadi Mokowe na basi la kutoka hapo. Cheti cha tabia njema ni shilingi 1,050. Cheti chenyewe cha KCSE kama bado kiko shuleni, kifuateni. Karatasi ya matokeo iliyochapwa kutoka simu haipokelewi popote.

Majina yatazameni herufi kwa herufi. Pwani hili ni gonjwa la kudumu. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, KCSE ina Mohammed, kitambulisho kina majina matatu na pasipoti ina mawili. Sisi twajua ni mtu mmoja, lakini afisa wa viza anasoma maandishi, na mfasiri akishaandika kosa hilo kwa Kijerumani au Kiitaliano na kupigwa mhuri, kulirekebisha ni kuanza upya kwa gharama nyingine. Anzeni na cheti cha kuzaliwa, kisha kitambulisho, kisha mwandikie KNEC, baraza la mitihani, kupitia mfumo wao wa QMIS, na pasipoti iwe ya mwisho. Mkienda kinyume, mtalipia pasipoti mara mbili.

Alama nazo msizifumbie macho. Uhandisi hapa nyumbani hutaka C+ kwenda juu katika hisabati, fizikia na kemia. Kuna vyuo vya nje vinavyomkubali mwenye D ya fizikia bila kuuliza, mradi ada ilipwe. Cheti cha KCSE hurudi mezani siku ya kuomba usajili, na wakati huo miaka minne imekwisha kwenda.

Usajili huo ndio kiini cha mambo yote. Kenya shahada peke yake haimfanyi mtu mhandisi. Sheria ya Wahandisi ya 2011 inataka asajiliwe na Bodi ya Wahandisi, EBK, kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha baada ya kazi ya miaka isiyopungua mitatu na kupimwa kitaaluma, awe mhandisi kamili. Asiyesajiliwa akijitangaza mhandisi anavunja sheria. Kijana wa Lamu mwenye ndoto ya kurudi kufanya kazi bandarini, ambako gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, swali lake la mwanzo ni hili: shahada hii, kwa jina hili hili lililoandikwa, bodi itaikubali?

Ithibati, yaani kuthibitishwa rasmi kwa masomo, yaenda na programu. Chuo kimoja chaweza kuwa na uhandisi wa ujenzi wenye ithibati, na mekatroniki yake ikawa bado. Ithibati ina mwaka wa kuanza na wa kuisha, kwa hivyo tazameni kama inafika mwaka wa kuhitimu. Jina nalo lina uzito: "uhandisi" na "teknolojia ya uhandisi" ni shahada mbili tofauti. Ya kwanza iko chini ya Mkataba wa Washington wa 1989, ambao kwa huo mashirika ya ithibati ya Uingereza, Marekani, Afrika Kusini, Malaysia, Uturuki, India na mengineyo hutambuliana. Ya pili iko chini ya Mkataba wa Sydney, wa wanateknolojia ya uhandisi. India iliingia Washington mwaka 2014, lakini utambuzi huo unahusu programu za vyuo vya daraja la kwanza zilizothibitishwa na NBA, bodi ya ithibati ya huko. Wakala akikuonyesha kibali cha AICTE, baraza la India la elimu ya ufundi, amekuonyesha ruhusa ya chuo kufundisha tu. Mwambie alete na ile ya NBA, na jina la programu liwe ndani.

Halafu urefu wa masomo. Hapa ndipo Malindi huumia zaidi.

Kijana amekulia mjini, Kiitaliano amekiokota ufuoni na mikahawani tangu utotoni. Ngomeni anaijua, na kituo cha anga cha Luigi Broglio anakijua, pale Waitaliano waliporusha setilaiti mwaka 1967 kutoka jukwaa la San Marco baharini. Akisikia Torino na Milano kuna uhandisi wa anga, na kwamba ada inapangwa kulingana na kipato cha familia, moyo wote unahamia huko. Hajakosea, vyuo hivyo ni vizuri kweli. Anajiandikisha Universitaly, tovuti ya maombi ya vyuo vya Italia, anafanya mtihani wa kuingia, anapata nafasi na ruzuku ya jimbo. Baada ya miaka mitatu ana karatasi ya laurea, shahada ya kwanza ya Italia, yenye krediti 180, vipimo vya kazi ya masomo. Nyumbani mbuzi anachinjwa. Anarudi, anajaza fomu ya usajili, na pale penye mstari wa muda wa masomo kalamu inasimama: shahada ya uhandisi ya hapa ni miaka mitano, yake ni mitatu. Fedha zimekwisha, kibali cha kuishi Italia kimekwisha, na kuanza upya maombi ya shahada ya pili akiwa Malindi ni kazi kubwa kuliko kuendelea akiwa kule kule.

Mfumo wa Italia ni tatu na mbili. Laurea ni hatua ya kwanza, laurea magistrale ya krediti 120 ndiyo inayoukamilisha. Tangu 2001 Waitaliano wenyewe wameligawa daftari lao la wahandisi: mwenye miaka mitano anaingia sehemu A, mwenye mitatu sehemu B, na anaitwa ingegnere iunior. Kama kwao yuko sehemu B, msitarajie Nairobi impandishe. Kwa hiyo bajeti ya Italia ni ya miaka mitano tangu siku ya kwanza. Uingereza nako BEng ni miaka mitatu na MEng ni minne, na njia kamili ya kuwa mhandisi aliyeidhinishwa kule inataka elimu ya kiwango cha shahada ya pili. Ujerumani shahada ya kwanza huwa mihula sita au saba. Hesabuni vivyo hivyo.

Na hili ndilo la wiki nzima: msikisie jibu la bodi. Waandikieni EBK kabla ya kulipa senti, mkiambatisha jina la programu kwa lugha yake ya asili, idadi ya miaka na krediti, orodha ya masomo na saa za kila somo, na jina la shirika lililotoa ithibati. Ombeni jibu la maandishi na mlihifadhi. Jibu la simu halina maana miaka mitano baadaye, karani aliyelitoa atakuwa amehamishwa.

Kwa anayeshika njia ya Italia hata hivyo, mambo machache. Kiitaliano cha ufuoni hakimfikishi mbali darasani. Programu nyingi za shahada ya kwanza hufundishwa kwa Kiitaliano na hutaka kiwango cha B2, na somo la hisabati la Analisi 1 linaanza na limiti na mfuatano ambao KCSE haikuugusa sana. Mtihani wa TOLC-I unaotumiwa na vyuo vingi una maswali 50 kwa dakika 110, ishirini yakiwa ya hesabu, kisha sehemu ya Kiingereza. Katika maswali hayo 50 jibu sahihi ni alama 1, kosa linakata robo, ukiacha wazi hukatwi. Mtoto aliyezoeshwa na sisi kujaza kila pengo anaweza kupoteza alama bure, basi azoezwe kuacha.

Ruzuku ya jimbo hudai uthibitisho wa kipato na mali ya familia, uliofasiriwa na kuhakikiwa. Mvuvi wa Shela hana hati ya mshahara. Ulizeni ofisi ya ruzuku inapokea karatasi gani kwa familia ya namna hiyo kabla hamjamlipa mfasiri. Na hili halisemwi: mwaka wa kwanza mwanafunzi hupata fungu la pili akifikisha krediti 20, kwa kawaida kufikia 10 Agosti, na asipozifikisha hadi 30 Novemba ruzuku hufutwa na alichokwisha kupokea hudaiwa. Fungu la kwanza nalo laweza kuchelewa miezi, basi aondoke na fedha ya kula na kulala mpaka majira ya baridi.

Ujerumani, KCSE peke yake haimfikishi mtu chuo kikuu moja kwa moja. Kuna mwaka wa Studienkolleg, yaani wa maandalizi, na kwa uhandisi ni kozi ya T. Akaunti iliyofungwa, ya fedha za kujikimu zinazotakiwa kwa viza, ni yuro 11,904 kwa mwaka, anatoa 992 kwa mwezi. Uni-assist, ofisi inayopokea maombi kwa niaba ya vyuo vingi, ni yuro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata. Na usemi kwamba Ujerumani ni bure kila mahali umepitwa: Baden-Württemberg hutoza yuro 1,500 kwa muhula, na TUM, chuo kikuu cha ufundi cha München, imeanza kutoza wageni 2024.

Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki, hufunguliwa Januari hadi Februari, kuomba ni bure kabisa, na kuna mwaka mzima wa Kituruki kwanza. Anayekudai pesa ya fomu hiyo anakuibia. Ada yoyote ya chuo iende kwenye akaunti ya benki yenye jina la chuo, isipitie M-Pesa ya mtu.

Kuna familia zetu zilizokuwa na watoto Khartoum vita vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023. Wengi walitoka na pasipoti na simu tu, na chuo cha kuwatolea rekodi kikawa kimefungwa. Aliyekuwa na transkripti, yaani rekodi za alama, za kila muhula zenye mhuri, pamoja na silabasi yenye saa za masomo, alikuwa na cha kumwonyesha mpokeaji mwingine. Asiyekuwa nazo alianzia mwaka wa kwanza. Basi kila muhula ukiisha, apigiwe mhuri, apige picha, atume nyumbani, na nyumbani zichapwe ziwekwe kwenye faili moja. Kibali cha kuishi Italia kiombwe posta ndani ya siku nane za kazi tangu kufika. Ajiandikishe ubalozi wa Kenya wiki ya kwanza. Chumba asilipie kodi kwa picha za simu. Kazi za pembeni ziwe ndani ya saa zilizoruhusiwa, Italia ni 20 kwa wiki, na koti anunue huko huko, ya Mombasa hayatoshi baridi ya Januari.