Parsele ya Lubumbashi inanunuliwaka mu mvua, haiko mu kiangazi

Angalia wakati gani ba komisioneri (ba dalali) banapendaka kukubeba kuona parsele (kiwanja ya kujenga) huku Lubumbashi, Kongo: mwezi wa 7, wa 8, wa 9. Mvua iliisha kukatika tangu zamani, udongo umekauka, anakupakiza pikipiki mpaka ku mwisho wa komine ya Kampemba ao kule mu komine Annexe, anakuonesha fasi ya wazi, nyasi fupi, upepo muzuri, hakuna hata muti moja wa kukata, bei nayo chini kuliko ya jirani. We unafurahi. Kumbe umesimama mu dembo.

Kwa ule haiko wa huku: dembo njo ile bonde pana ya nyasi, miti haimo, maji ya mvua inakusanyika mule inakaa. Lubumbashi inapata karibu milimita 1200 ya mvua kwa mwaka na karibu yote inaanguka kati ya mwezi wa 11 na wa 3, alafu muji iko tambarare, maji haina fasi ya kukimbilia haraka. Tulisikia yote mambo ya Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, Kivu ya Kusini, mwezi wa 5 mwaka wa 2023, maji ilishuka ku mulima na mawe, bantu zaidi ya 400 bakafa. Kwetu haishukake vile. Kwetu inapanda pole pole toka chini, inaingia mu nyumba usiku bila kelele, asubui unakanyaga chini unasikia baridi ku miguu. Juu ya ile haiuwe bantu mingi kwa siku moja, bantu banazarau, banaendelea kujenga mule mule.

Mi nilitaka kukamatwa hivyo hivyo. Nilikuwa na feza ndani ya mufuko, nikamuomba yaya (ndugu mukubwa) wa mama yangu, ni fundi wa kujenga wa zamani, anisindikize tu kuangalia. Alishuka, hakuangalia hata karatasi, akauliza muuzishaji: "Papa, bichuguu bya hapa biko wapi?" Yule muuzishaji akacheka tu. Bilulu ya kichuguu (mchwa) haijengake ile manyumba yao makubwa fasi maji inalala, banajua kutushinda. Sasa usikose: kuna fasi bantu balibomoa bichuguu byote juu ya kufyatua matofali, kwa hiyo ukikosa kichuguu haimaanishe lazima ni dembo, lakini ukikosa kichuguu NA miti NA bei iko chini, kimbia.

Alama ingine yenye mi naamini sana ni mboga. Enda mwezi wa 8 ao wa 9, ukiona ba mama banalima lengalenga pale, iko kijani kabisa na hakuna mutu anabeba ndoo, maji iko karibu sana chini. Matete pia. Udongo mweusi wenye kupasuka nyufa kubwa mu kiangazi, huo ukilowana unavimba, ukikauka unanywea, nyumba inafata, ukuta unapasuka sawa chupa. Chungulia mu kisima ya jirani: kama mwisho wa kiangazi bado unaona maji mita 2 chini, mu mwezi wa 2 itakuwa wapi? Angalia pia ba jirani, mulango yenye iliongezewa tofali mbili ku kizingiti, mufuko ya muchanga pembeni ya ukuta, mustari wa rangi ya chai ku ukuta. Ile mustari haiko urembo.

Na usiulize muuzishaji. Uliza mama wa makala ku kona, ao batoto, batoto habajue kuficha: "Mvua ikinyesha munaogeleaka wapi?" Banakuonesha na kidole.

Kisha rudia mu mwezi wa 1 ao wa 2, asubui kiisha mvua ya usiku kucha. Muuzishaji atakuambia kuna mutu mwengine anakuya kulipa kesho. Mwache alipe.

Makaratasi sasa, hapa napita mbio juu ni mambo ya kwake. Sheria ya tarehe 20/7/1973 inasema udongo ni ya Leta (serikali), we unanunua haki ya kukaa juu yake tu. Sahihi ya shefu wa kartie (mutaa) ao ya shefu wa mboka (kijiji) haitoshe, enda mwenyewe ku kadasta (ofisi ya kupima udongo) na namba ya parsele, uliza kama iko ku mapa na kama haiko fasi yenye bakatala kujenga, kando ya muto ao chini ya nyaya kubwa za umeme. Fasi ya vile hata ukijenga etaje (gorofa), siku moja banakuya kuchora msalaba mwekundu ku ukuta, na kulipwa usitegemee. Setifika ya anrejistrema (hati yenye kuandikishwa ku Leta) ikipitisha miaka 2 haiwezi tena kushambuliwa ovyo, njo ile ya kutafuta, fishi (karatasi ya kwanza ya parsele) yenyewe ni mwanzo tu.

Lakini wengine mulishanunua, najua, na hakuna feza ya kununua fasi ingine. Basi mujenge na akili. Anza na mustari wa maji: tafuta fasi ya juu kabisa yenye maji ilishafika, uliza bazee, alafu chini ya nyumba (pavema) ipite pale kwa nusu mita ao zaidi. Kujaza, tumia udongo mwekundu na mawe ya karyere (machimbo), unashindilia kila sentimita 20, usimwage takataka ya soko eti ni bure, ile inaoza, inashuka, na pavema inashuka nayo. Fondasyo ichimbwe mpaka upite ule udongo mweusi ufike ku mugumu, mawe na simenti, shenaji (mukanda) ya beto (zege) na chuma juu yake, weka plastiki nzito kati ya fondasyo na ukuta ili unyevu usipande. Ku mistari ya chini tofali ya kuchoma, haiko adobe (tofali mbichi). Adobe mu maji ni sukari mu chai. Priz za umeme ziwe juu, ku usawa wa kifua, fundi atakuambia haiko muzuri ku macho, mwambie ni macho yako.

Choo na kisima njo fasi bantu banalegeza. Mvua ikijaza shimo la choo, yote inatoka inatembea mpaka ku kisima, kolera inajua ile njia kila mwaka. Weka mita 30 kati yao kama parsele inaruhusu, choo ikae upande maji inaelekea, haiko kule inatokea, uinue mudomo wa kisima na simenti, na shimo la choo ijengwe sawa tangi, usichimbe kirefu mpaka ukute maji.

Na ukuta wa klotire (uzio), acha matundu chini, pande zote mbili. Ukiifunga kabisa maji inasimama kwako ao unaituma kwa jirani, na jirani wa huku anaweza kukuletea polisi ao mutaimbo usiku. Mvua ya kwanza ikipita, chukua kipande ya kala, andika ku ukuta fasi maji ilifika, na tarehe. Mwaka wa pili andika tena.