Kujiandikisha mtihani wa FE ukiwa bado chuoni Marekani: anza na pasipoti

Mara ya kwanza nilipokwenda kufanya mtihani wa FE sikuliona hata swali moja. Niliishia mapokezi. Mhudumu aliishika pasipoti yangu, akatazama skrini, akaitazama tena pasipoti, kisha akaniuliza kwa upole kama nina kitambulisho kingine. Sikuwa nacho. Pasipoti ilisema jina langu la ukoo ni la babu, na kwenye usajili nilikuwa nimeandika la baba, kwa kuwa ndilo nililoitwa tangu darasa la kwanza na ndilo lililokuwa kwenye kadi ya chuo. Kosa langu mwenyewe. Ada ikaenda, na basi la kunirudisha chuoni lilikuwa bado dakika 40.

Tangu siku ile nimewasaidia wadogo zangu kadhaa, Watanzania na Wakenya wanaosoma uhandisi huku, kujiandikisha. Sianzi na tovuti. Nawaambia walete pasipoti kwanza.

Kwa asiyeufahamu, FE ni mtihani wa misingi ya uhandisi, wa kwanza kati ya miwili inayompeleka mtu kwenye leseni ya mhandisi Marekani. Unatungwa na NCEES, chombo kinachoziunganisha bodi za leseni za majimbo. Wa pili, PE, huja baada ya kufanya kazi, kwa kawaida miaka 4. Leseni haitolewi na serikali kuu. Kila jimbo lina bodi yake na sheria yake, na mambo hayo yalianzia Wyoming mwaka 1907, baada ya watu wasio na ujuzi kujiita wahandisi na kuchora ramani za kuombea haki za maji. Ndiyo maana utakutana na swali la "jimbo gani" kila unapogeuka.

Ufanye lini? Mwaka wa mwisho, kabla ya kuvaa joho. FE inauliza hesabu, takwimu, mitambo tuli, uchumi wa uhandisi, hata maadili ya taaluma: mambo uliyosoma mwaka wa kwanza na wa pili. Ukishaanza kazi yanayeyuka kichwani, na bosi hatakupa siku ya kuyarudia. Angalia pia kama programu yako ina ithibati ya ABET, chombo kinachokagua ubora wa programu za uhandisi. Vyuo vingi vya uhandisi Marekani vinayo, lakini kozi zenye neno "teknolojia" ya uhandisi hupimwa kwa kundi lingine la ithibati, na majimbo hayazichukulii sawasawa.

Hatua ya 1: Fungua pasipoti, chukua kalamu

Kitambulisho utakachoonyesha kituoni lazima kiwe kimetolewa na serikali, hakijaisha muda, na kina jina, picha, tarehe ya kuzaliwa na sahihi. Kadi ya chuo haihesabiki. Kama una leseni ya udereva ya jimbo unaweza kuitumia, lakini wengi wetu tunaofika na viza ya mwanafunzi tunategemea pasipoti.

Sasa tazama ukurasa wenye picha. Tuseme wewe ni Rehema Salum Bakari. Nyumbani ni Rehema Salum. Mwalimu anakuita Rehema Salum, na fomu ya mtihani wa kidato cha nne iliandikwa majina yote matatu mfululizo bila kumsumbua mtu. Fomu ya Kimarekani ina visanduku viwili tu vya lazima: jina la kwanza na jina la ukoo. Pasipoti imeshaamua kwa niaba yako. Kama sehemu ya jina la ukoo imeandikwa BAKARI, basi kwa mtihani huu wewe ni Bakari, hata kama hakuna aliyewahi kukuita hivyo. Andika kwenye karatasi herufi kwa herufi, ukiangalia kama ni Mohamed au Mohammed, Aisha au Asha. Karatasi hiyo ndiyo utakayoinakili kwenye kompyuta. Usiandike kwa kumbukumbu.

Tazama na tarehe ya mwisho ya pasipoti. Kuipata mpya ukiwa huku ni safari ya ubalozini na kusubiri, kwa hiyo kama inakaribia kuisha, ishughulikie hiyo kabla ya kulipia chochote.

Hatua ya 2: Akaunti ya MyNCEES

Nenda kwenye tovuti ya NCEES, fungua akaunti. Ni bure. Tumia baruapepe yako binafsi na si ya chuo, kwa sababu akaunti hii utakuwa nayo miaka mingi, hadi PE na pengine hadi unahamisha leseni kwenda jimbo lingine, na chuo kinaweza kukufungia anwani yao ukishahitimu.

Jaza majina kama yalivyo kwenye ile karatasi. Ukimaliza, mwombe mwenzako asome skrini kwa sauti huku wewe umeshika pasipoti. Unaweza kuona ni mambo ya kitoto. Mimi nililipa ada mara mbili.

Kabla hujatoka humo, pakua kitabu cha rejea cha FE, yaani faili la kanuni na majedwali. Nacho ni bure kupitia akaunti hiyo. Nitakirudia.

Hatua ya 3: Chagua jimbo

Mfumo utakuuliza ni bodi ya jimbo gani unajisajili chini yake. Baadhi ya bodi zinakuachia uendelee moja kwa moja. Nyingine zinataka upeleke maombi kwao kwanza, pengine na ada yao, na ndipo uruhusiwe kufanya mtihani. Maelekezo ya kila jimbo yanatokea hapohapo ukishalichagua. Yasome yote, hata yale madogo ya chini.

Mwanafunzi anayetoka nje huniuliza sana: "Kaka, mimi sijui nitapata kazi wapi, nichague lipi?" Chagua jimbo unalosoma, isipokuwa kama tayari una ahadi ya kazi kwingine. Mtihani ni uleule nchi nzima na ukishafaulu umefaulu. Matokeo yanabaki kwenye akaunti yako, na unaweza kuomba cheti katika jimbo utakaloangukia.

Hatua ya 4: Chagua fani

Kuna 7: kemikali, ujenzi, umeme na kompyuta, mazingira, viwanda na mifumo, mitambo, na ya saba iliyowekwa kwa fani nyinginezo. Chagua inayofanana na shahada yako. Wapo wanaokimbilia hiyo ya saba kwa kuambiwa ni nyepesi. Anayesoma uhandisi wa kilimo au wa ndege ana sababu ya kuichagua, lakini mtu wa ujenzi anayeacha maswali ya udongo na zege aliyoyasoma miaka minne, akaenda kuulizwa mambo asiyoyasoma, huwa simwelewi.

Hatua ya 5: Lipa

Kwa kadi ya benki, moja kwa moja kwa NCEES. Kiasi kinaonekana kabla hujathibitisha, na hubadilika miaka ikienda, kwa hiyo usishike namba uliyoambiwa na kaka yako aliyefanya zamani. Kabla hujabonyeza, uliza ofisi ya kitivo chako kama ina utaratibu wa kuchangia au kurudisha ada ya FE. Vipo vyuo vinavyofanya hivyo na wanafunzi wanahitimu bila kujua.

Hatua ya 6: Siku, saa na kituo

Ukishalipa na kuruhusiwa, unachagua nafasi kwenye kituo cha Pearson VUE, kampuni inayosimamia vituo vya mitihani ya kompyuta. Tangu Januari 2014 FE inafanywa kwa kompyuta, mwaka mzima, kwa hiyo hakuna ile siku moja ya taifa zima kuingia ukumbini. Mwaka umegawanywa katika vipindi vinne vya miezi mitatu mitatu. Unaruhusiwa mara moja kwa kipindi, na si zaidi ya mara 3 ndani ya miezi 12. Piga hesabu kabla ya kuchagua: ukifanya mapema ndani ya kipindi na ukashindwa, unasubiri kipindi kipya.

Epuka wiki ya mitihani ya chuo na wiki inayoitangulia. Nafasi za Jumamosi hujaa upesi, hasa Aprili na Mei, wahitimu wanapokumbuka kwa pamoja.

Sasa mitego miwili ya kwetu. Wa kwanza ni tarehe. Huku mwezi unatangulia siku. Nimemwona kijana mwenye akili timamu akisoma 04/05 kama tarehe 4 Mei. Ilikuwa Aprili 5, na ilishapita. Wa pili ni saa. Uthibitisho unasema 8:00 asubuhi, wewe unamwambia mama kwenye simu "mtihani saa mbili", kichwa kinashika mbili, kidole kinaandika 2:00 kwenye kalenda ya simu. Unacheka? Iandike kwa namna moja tu, ile ya kwenye barua ya uthibitisho, na usiitafsiri.

Kubadilisha siku au kufuta kunawezekana ukifanya hivyo saa 48 kabla ya miadi. Ukichelewa hapo, hesabu ada imekwenda.

Hatua ya 7: Kalkuleta

Namaanisha ile ya mkononi, na si kila aina inaruhusiwa. Orodha ni fupi na hakuna majadiliano: Casio yenye fx-115 au fx-991 katika jina lake, Texas Instruments za TI-30X na TI-36X, na HP 33s au 35s. Kama ulikuja na fx-991 yako ya kidato cha sita, ile uliyoinunua Kariakoo na kuikwangua jina kwa sindano, ni halali. Fx-82 haikubaliki, hata kama ndiyo iliyokuvusha sekondari. Nunua mapema na uitumie kwenye masomo ya kawaida, vidole vizoee.

Hatua ya 8: Kusoma kwa kutumia kitabu cha skrini

Hapa ndipo ningekaa nawe jioni nzima kama ungekuwa jirani. Hutaingia na kitabu wala karatasi yako. Kile kitabu cha rejea kitakuwa upande mmoja wa skrini na maswali upande wa pili, na unatafuta kwa kuandika neno. Kwa hiyo usikichape. Kisomee kwenye kompyuta, ukitafuta kwa maneno yaleyale ya Kiingereza yaliyotumika humo. Ukijua kanuni lakini hujui wao wanaiitaje, utaitafuta dakika mbili nzima, na una chini kidogo ya dakika 3 kwa kila swali.

Jambo la pili ni vipimo. Sisi tumelelewa na mita, kilo na newton. FE inachanganya hivyo na futi, pauni na psi (pauni kwa inchi ya mraba). Mtu wa ujenzi atakutana na kip, ambayo ni pauni 1,000 za nguvu. Swali rahisi la boriti linaweza kukuangusha kwa inchi na futi tu: mzigo umetolewa kwa pauni kwa futi, mkato wa boriti kwa inchi, ukasahau kuzidisha kwa 12. Fanya mazoezi hayo mpaka mkono uzidishe wenyewe.

Jibu lisilo sahihi halikupunguzii alama. Usiache swali wazi.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Fika dakika 30 kabla. Chukua kitambulisho, kalkuleta, na kitu cha kula cha kuacha kwenye kabati utakalopewa ufunguo wake. Simu, saa ya mkono, pochi, vyote vinabaki humo. Watakupiga picha, utaweka sahihi, utawekewa kiganja juu ya kifaa kinachosoma mishipa, na utaombwa ugeuze mifuko nje. Haiumi wala haikuhusu wewe binafsi. Kijitabu cha kuandikia kinachofutika na kalamu yake watakupa wao.

Miadi ni ya saa 6, maswali 110, na muda wa kuyajibu ni saa 5 na dakika 20. Katikati kuna mapumziko ya dakika 25. Ukishakabidhi nusu ya kwanza kwenda mapumziko, huwezi kuirudia, basi pitia yale uliyoyawekea alama kabla ya kubonyeza. Nenda kale. Wapo wanaojifanya mashujaa wakaunganisha, na swali la 80 linawakuta wanasoma sentensi moja mara nne.

Hatua ya 10: Baada ya matokeo

Yanakuja kwenye akaunti ndani ya siku 7 hadi 10, kwa kawaida Jumatano. Umefaulu au hukufaulu. Aliyefaulu haonyeshwi alama. Asiyefaulu anapewa mchanganuo wa mada kwa mada. Autunze, maana ndiyo ratiba yake ya kusoma.

Kufaulu hakukupi hadhi ya EIT, yaani mhandisi aliye mafunzoni. Hiyo unaiomba kwa bodi ya jimbo, kwa fomu nyingine, mara nyingi na nakala rasmi ya matokeo ya chuo. Bodi nyingi huuliza namba ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii ya Marekani, ambayo mwanafunzi wa viza ya F-1 huwa hana mpaka apate kazi halali, hata ile ya maktaba ya chuo. Kama huna, waandikie bodi kabla ya kujaza na uulize wanataka nini mahali pake. Jibu lao lihifadhi. Na kama mpango wako ni kurudi Tanzania, ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, ina njia yake: unaandikishwa kama mhandisi mhitimu, kisha miaka 3 ya mafunzo kazini chini ya SEAP, mpango wao wa kuwalea wahandisi wapya. Humo pia wataomba majina yako, nao wanayataka yote matatu.