Mafuta ya avoka, mise na mbarika: kuyatoa na kuyapaka, kwa jikoni za Bukavu

Mafuta hayana maji ndani yake, na ngozi iliyokauka inadai maji. Ndiyo sababu mtu anapaka mawese au mafuta ya nazi asubuhi, anang'aa mpaka saa nne, na jioni miguu imerudia rangi yake ya majivu. Kazi ya mafuta ni kuyafungia maji yasitoke. Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, hewa ya Bukavu ikikauka na vumbi la barabara likipanda hadi ndani ya nyumba, anayepaka mafuta juu ya ngozi kavu anafungia ukavu tu. Maji kwanza, mafuta baadaye: sharti hilo ni la ngozi na la nywele pia.

Mafuta matatu yanatosha kwa nyumba moja, na mawili kati yake unaweza kuyatoa mwenyewe.

Ya avoka, au parachichi, yana asidi ya oleiki (aina moja ya asidi za mafuta) kwa wingi. Hayakimbilii kuingia, lakini yakiingia yanalainisha vizuri visigino, viwiko na miguu ya mtu mzima. Usimpake mtoto mchanga wala mtu mwenye pumu ya ngozi, kwa sababu oleiki nyingi hulegeza ile ngozi ya juu inayozuia maji kutoka. Kwa hao, mafuta ya alizeti ya kawaida ni bora zaidi kwa kuwa yana asidi ya linoleiki.

Ya mise hutoka kwenye kiini kilicho ndani ya kokwa la chikichi. Usiyachanganye na mawese, ambayo hutoka kwenye nyama ya nje ya tunda hilo hilo. Mise inafanana sana na nazi: karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, yenye umbo dogo na lililonyooka, hivyo inaingia ndani ya unywele badala ya kubaki juu tu. Mwaka 2003 watafiti wa Mumbai walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na mafuta ya madini kwenye nywele. Ni ya nazi peke yake yaliyopunguza protini inayotoka wakati wa kuosha. Mise zinapanda Bukavu kutoka nchi za michikichi za Uvira na Fizi, na bei yake ni nafuu kuliko nazi iliyosafiri kutoka pwani.

Ya mbarika ni mazito na yanang'ang'ania. Hayo nunua duka la dawa, yameandikwa huile de ricin. Usiyatoe nyumbani. Mbegu za mbarika zina risini, sumu kali. Haiyeyuki ndani ya mafuta, kwa hiyo mafuta yaliyokamuliwa vizuri ni salama, lakini mashudu yanayobaki yanaweza kumuua mtoto, mbuzi au kuku. Mbono kaburi, ule mti wa ua, ndio usiuguse kabisa: mafuta yake yanaunguza ngozi, hata kama muuzaji anaapa kuwa ni kitu kilekile. Na mbarika haioteshi nywele. Inazifunika, hazikatiki ovyo, ndiyo maana zinaonekana zimerefuka.

Kutoa mafuta ya avoka

Kila kitu kinaanzia kwenye tunda, na hapo ndipo wengi wanapoteza siku nzima. Avoka za Kivu ni za aina nyingi, na baadhi zina maji kuliko mafuta. Kata moja, sugua kipande kidogo kati ya vidole. Vidole vikibaki na utelezi wa siagi, nunua. Vikibaki na maji, hiyo ni ya kula na chumvi. Chagua zilizoiva kabisa, zinazobonyea kwa kidole gumba, lakini nyama isiwe nyeusi. Avoka mbichi haitoi mafuta hata ukiikamua kwa jiwe, maana mafuta yamefungiwa ndani ya vichembe ambavyo kuiva ndiko kunakovilegeza. Iliyooza inatoa, ila mafuta yake yameshaanza kuchacha.

Chukua kubwa 10 hadi 12. Ukitoa ganda na kokwa zitabaki kilo 2 hivi za nyama. Ponda mpaka pasiwe na bonge hata moja. Bonge ni mafuta yatakayobaki kwenye makapi. Kwa kilo hizo mbili tegemea kati ya mililita 100 na 200, kutegemea aina. Anayekuahidi nusu lita amechanganya na kitu kingine.

Sasa ondoa maji. Kama ni kiangazi, tandaza rojo kwenye sinia pana, unene wa nusu sentimita, funika kwa chandarua safi kuzuia nzi, uache juani siku moja huku ukigeuza kila baada ya saa moja. Ingiza ndani kabla ya umande. Rangi itageuka kahawia, ni kawaida. Usiache juani siku tatu kama wengine wanavyofanya: jua linalokausha maji ndilo linaloharibu mafuta. Wakati wa mvua, kuanzia Septemba, ruka hatua hii, uende moja kwa moja kwenye moto.

Tumia sufuria yenye kitako kizito. Kwenye mbabula (jiko la mkaa) weka makala machache, uyafunike kidogo kwa majivu. Koroga kwa mwiko bila kuacha, ukikwangua chini. Kwa dakika 30 hadi 40 utaona mvuke na mapovu mengi. Wakati huo hakuna hatari kubwa, kwa sababu maji yaliyomo yanazuia joto lisipande: huku kwetu, kwenye mita 1,500 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 tu. Kisha rojo linaanza kuachana na sufuria, mafuta yanajitokeza pembeni, na mapovu yanapungua. Hapo ndipo pa kuwa macho. Maji yakiisha, joto linaruka ghafla, na dakika tano za kuzungumza na jirani zinatosha kukupa mafuta yanayonuka mahindi yaliyoungua. Mapovu yakikaribia kukoma, epua.

Acha ipoe mpaka mkono uweze kustahimili, lakini isipoe kabisa, kwani mafuta ya baridi ni mazito na hayapiti kwenye kitambaa. Mimina kwenye kitambaa cha pamba kilichochemshwa na kukauka, songa, kamua kwa nguvu. Weka yaliyotoka kwenye gilasi, yatulie usiku mmoja. Asubuhi utaona tabaka: juu mafuta ya kijani au kahawia-kijani, chini maji na machicha. Mimina ya juu taratibu, na usione uchungu kuacha kijiko kimoja chini. Hicho kijiko cha mwisho ndicho kinachoozesha chupa nzima.

Kabla ya kufunga chupa, pasha kijiko kimoja motoni. Yakipasuka-pasuka kwa kelele, bado yana maji. Rudisha yote kwenye moto mdogo mpaka yanyamaze.

Kutoa ya mise

Chambua kilo 1 ya viini, tupa vyenye ukungu au tundu. Kaanga bila maji mpaka rangi ya kahawia hafifu. Wengi wanakaanga hadi vinakuwa vyeusi kwa sababu mafuta yanatoka haraka, lakini yanatoka meusi, yana harufu ya moshi, na yanachafua mto wa kulalia. Hayo ni ya kutengenezea sabuni. Saga kwa kinu au mashine; kama ni mashine ya mtaa, hakikisha imefutwa unga wa muhogo, maana unga unashika maji na kufanya mafuta yawe na ukungu. Chemsha unga wa mise katika lita 3 za maji kwa saa moja, na mafuta yanapopanda juu yaengue kwa kijiko kipana. Yakusanye kwenye sufuria ndogo, uyakaushe juu ya moto mdogo mpaka yaache kupasuka. Utapata robo lita au zaidi kidogo.

Yakipoa yataganda, na mtu wa mara ya kwanza hudhani ameyaharibu. Mise huyeyuka kwenye nyuzi 25 hadi 28 hivi, na Bukavu siku nyingi haifiki hapo ndani ya nyumba. Chovya chupa kwenye maji ya moto, usiiweke juu ya makala.

Kugandaganda huko kuna faida sokoni. Nazi safi huganda chini ya nyuzi 24. Ukiuziwa Kadutu au Nyawera chupa iliyoandikwa nazi, iache dirishani usiku. Asubuhi ikiwa bado inatiririka kama maji, umeuziwa mafuta yaliyochanganywa, au nazi iliyoondolewa sehemu yake inayoganda.

Kutunza

Adui ni maji, mwanga na hewa. Chupa ioshwe, isuuzwe kwa maji yaliyochemka, igeuzwe kichwa chini ikauke siku nzima. Chupa ya bia ya kahawia inafaa kwa avoka, kwa sababu rangi ya kijani ndani ya mafuta hayo ikikutana na mwanga inayachachisha upesi. Jaza hadi shingoni. Ukiwa na mafuta machache tafuta chupa ndogo. Avoka ya nyumbani itumie ndani ya miezi 3. Mise inavumilia miezi 6 na zaidi. Yakinuka rangi ya ukutani au karanga za zamani, yamekwisha, na manukato hayatayafufua.

Usitie ndani yake majani mabichi, kitunguu wala vipande vya aloe. Maji yaliyomo ndani ya jani yataota ukungu chini ya mafuta, usiuone mpaka umepaka.

Kupaka mwilini

Oga, jifute kwa kugusisha taulo tu, ubaki na unyevunyevu. Ndani ya dakika tatu paka: kijiko cha chai kimoja hadi viwili kinatosha mwili mzima wa mtu mzima. Kama nguo inashika mafuta, umezidisha. Visigino vilivyopasuka vinataka zaidi: loweka miguu dakika 15 katika maji ya vuguvugu, sugua, paka avoka iliyochanganywa na mbarika (vijiko 3 kwa 1), vaa soksi ulale.

Usoni, mwenye chunusi aache mise na nazi, zinaziba vinyweleo. Kabla ya kutumia mafuta mapya, paka tone ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku, kwa siku saba. Pakiwasha au kuvimba, yaache. Anayedhurika na glovu za mpira awe mwangalifu zaidi na avoka, kwa kuwa mizio hiyo miwili hutembea pamoja. Na jambo ambalo wauzaji hawalisemi: mafuta yote ya mimea yanadhoofisha kondomu ya mpira mpaka ipasuke.

Hakuna mafuta ya mimea yanayozuia jua, si mawese, si karoti. Mtu mwenye ualbino anahitaji krimu halisi ya kukinga jua, kofia na mikono mirefu. Ndimu ndani ya mafuta ni mbaya zaidi: maji yake yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, hutoa malengelenge na madoa meusi ya miezi. Chupa zinazouzwa kama huile de carotte zisome kwanza. Ukikuta hydroquinone, mercure au clobétasol, hayo si mafuta ya ngozi, ni dawa ya kuichubua.

Nywele

Kwa nywele ngumu zinazokatika, tumia mise kabla ya kuosha, si baada. Paka kijiko cha chakula kimoja au viwili kwenye nywele kavu (hapa sharti la maji kwanza halihusu), ukianzia kwenye ncha, funika kwa kitambaa saa moja au usiku kucha, kisha osha. Nywele ikinyonya maji inavimba, ikikauka inasinyaa, na kuvimba huko mara kwa mara ndiko kunakoivunja. Mise iliyokwisha kuingia inapunguza maji yanayonyonywa. Baada ya kuosha, nywele zikiwa na maji bado, gawa mafungu manne na upake avoka kijiko cha chai kimoja kwa kichwa kizima. Mbarika ukitaka kuitumia, changanya moja kwa nne ya mafuta mengine, na uoshe kwa shampoo mara mbili. Peke yake inashikamanisha nywele mpaka zinakuwa bonge.

Ukiwa umesukwa, matone machache kwenye mistari mara moja kwa wiki yanatosha. Kumimina kila siku kunakusanya vumbi, na muwasho unaofuata watu huuita ukavu, wakaongeza mafuta tena. Mba vilevile. Fangasi anayeusababisha hula asidi za mafuta, hivyo kichwa chenye mba ya manjano na muwasho kinyimwe mafuta kabisa, kioshwe kwa shampoo ya ketokonazoli kutoka duka la dawa mara mbili kwa wiki, kwa wiki nne.

Mawese ukiyatumia kwenye ncha za nywele, vaa kikwembe cha zamani mabegani. Doa lake usilimwagie maji kwanza. Sugua sabuni kavu juu yake, liache dakika kumi, fua, halafu anika juani, kwani rangi ile nyekundu hupauka kwa jua.