Somo: Jinsi ya kusoma lebo ya shampuu na sabuni ya kuogea kabla ya kutoa hela

Kabla hujaendelea, nenda bafuni ukalete chupa ya shampuu na ya sabuni ya maji ya kuogea. Somo hili halisomeki mikono mitupu.

Ninachotaka mkishike ni kimoja. Hizi chupa kazi yake ni kutoa jasho, vumbi na mafuta, halafu zinakwenda na maji. Hela yako ilipie kinachosafisha bila kukuumiza. Urembo na lishe ya ngozi vitafute kwenye vitu vinavyobaki mwilini: losheni, mafuta, kondishena. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunalipa pesa nyingi kwa ajili ya kinachoishia kwenye mfereji, kisha tunapaka mgando wowote uliokuwa bei rahisi.

Majina ya viambato nitayaandika kama yanavyochapwa kwenye lebo, maana ndivyo utakavyokutana nayo dukani.

Hatua ya 1: Geuza chupa

Mbele kuna picha ya mshubiri, asali au parachichi. Hayo ni matangazo. Nyuma, kwa maandishi madogo yanayochosha macho, kuna orodha ya viambato, na orodha hiyo ina utaratibu: kilicho kingi kinatajwa kwanza, kinafuata kilicho pungufu yake, hadi kufika asilimia 1. Vilivyo chini ya asilimia 1 mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga anavyotaka. Shika hilo la mwisho, tutalirudia.

Cha kwanza karibu kila mara ni Aqua au Water. Ni maji. Mara nyingi yanachukua robo tatu ya chupa au zaidi, na si kosa, maana bila maji isingemiminika.

Hatua ya 2: Mtafute msafishaji

Anakaa palepale baada ya maji. Kwenye chupa nyingi za Afrika Mashariki utakuta Sodium Laureth Sulfate. Wajasiriamali wa sabuni mnaifahamu: Tanzania tunaiita slesi, Kenya wanaiita ungarol. Ina povu jingi, bei nafuu, inasafisha vizuri.

Ndugu yake, Sodium Lauryl Sulfate, jina limetofautiana herufi chache tu lakini ni kali zaidi. Maabara za ngozi zinapotaka kuisumbua ngozi makusudi kwa ajili ya majaribio, hii ndiyo hutumika kama kipimo. Ukiikuta nafasi ya pili na ngozi yako ni kavu, rudisha chupa rafuni.

Baada yake tafuta Cocamidopropyl Betaine, inayotokana na mafuta ya nazi. Ikiandamana na slesi inapunguza ukali wake na kulifanya povu liwe laini. Chupa yenye slesi, kisha betaine, ni mchanganyiko wa heshima, hata kama ni ya bei ya chini na lebo yake haivutii. Decyl Glucoside, Coco-Glucoside na Sodium Cocoyl Isethionate ni za upole zaidi na zina gharama kweli. Hapo ukiona bei imepanda, walau kuna sababu.

Na ukiona Sodium Palmate, Sodium Tallowate au Sodium Cocoate, hiyo ni sabuni halisi, ya mafuta yaliyopikwa na magadi makali. Sabuni nyingi za kipande ziko hivyo. pH yake, yaani kipimo cha uchachu au ualkali, ni kama 9 hadi 10, wakati ngozi yako iko karibu na 5. Mwili wa mtu mzima mwenye ngozi imara unavumilia. Nywele hazipendi.

Hatua ya 3: Tafuta mstari wa asilimia moja

Hapa ndipo hela nyingi zinapookolewa, kwa hiyo twende taratibu. Tuchukue lebo ya kawaida ya sabuni ya maji "ya asali na mshubiri", chupa ya mililita 400:

*Aqua, Sodium Laureth Sulfate, Cocamidopropyl Betaine, Sodium Chloride, Glycerin, Parfum, Phenoxyethanol, Citric Acid, Aloe Barbadensis Leaf Juice, Mel, CI 19140.*

Phenoxyethanol ni kihifadhi, kinachozuia bakteria na ukungu. Sheria za Ulaya haziruhusu kizidi asilimia 1, na watengenezaji wengi wa kwingineko wanafuata kiwango hicho. Parfum, yaani manukato, nayo kwenye bidhaa za kuosha huwa karibu na asilimia 1 au chini yake. Kwa hiyo ukishafika kwenye hayo majina mawili, chora mstari kwa kalamu. Vilivyo chini ya mstari ni vya tone.

Sasa tazama asali. Kwenye lebo inaitwa Mel, na iko chini ya mstari, karibu ya mwisho. Asilimia 1 ya mililita 400 ni mililita 4. Kijiko cha chai ni mililita 5. Yaani hata ikiwekwa kwa kiwango cha juu kabisa cha sehemu hiyo, asali ya chupa nzima haijazi kijiko cha chai, na kwa kawaida ni pungufu sana ya hapo. Ile rangi ya dhahabu inayokufanya uione asali ni CI 19140, rangi ya njano ya kiwandani. Mshubiri nao ni hivyo hivyo. Na vyote viwili vinakaa mwilini dakika moja kabla hujasuuza.

Lakini msiondoke mkidhani kila kilicho chini ya mstari ni bure. Kuna viambato vinavyofanya kazi kwa kiasi kidogo. Kihifadhi chenyewe ni kimojawapo. Citric Acid inashusha pH ilingane na ngozi. Kwenye shampuu, Polyquaternium-10 na Guar Hydroxypropyltrimonium Chloride hunata kwenye unywele hata baada ya kusuuza, ndiyo maana kitana kinapita. Hizo zina haki ya kulipiwa.

Hatua ya 4: Usinunue uzito

Nimewaona watu dukani wakiinamisha chupa waone inavyotiririka polepole, wakiamini nzito ndiyo yenye nguvu. Itazame tena ile lebo: Sodium Chloride ni chumvi ya kawaida. Slesi ikitiwa chumvi inakuwa nzito, na hili kila anayepika sabuni ya maji nyumbani amelishuhudia ndani ya ndoo. Unanyunyiza chumvi huku unakoroga, mwiko unaanza kugoma, sabuni inavutika. Ukizidisha kidogo inageuka maji tena na haisimami. Msafishaji ndani ya ndoo ni yuleyule muda wote, hakuongezeka hata chembe. Uzito ni wa kumridhisha mnunuzi.

Hatua ya 5: Piga hesabu kwa mililita 100

Chukua bei, gawanya kwa mililita za chupa, zidisha kwa 100. Mfano wa bei za shilingi za Tanzania: chupa ya ml 250 kwa 4,500 ni sawa na 1,800 kwa kila ml 100. Ya ml 750 kwa 10,500 ni 1,400. Kipakiti cha ml 10 kwa 300, kinachoonekana rahisi kuliko vyote, ni 3,000. Kipakiti ninakitetea kwa jambo moja tu: kujaribu kabla ya kununua chupa. Mwenye mia tatu mfukoni leo hana pa kuchagua, hilo nalijua, ila familia ikiweza kuchangia chupa moja kubwa itaokoa nusu ya hela.

Kipande cha sabuni kina maji machache kuliko chupa, kwa hiyo kinakwenda mbali zaidi mradi kikae pakavu, si ndani ya kisahani chenye maji. Kwenye vipande vya kutoka India angalia herufi TFM, yaani kiasi cha mafuta halisi. Daraja la kwanza kwao huanzia asilimia 76. Kikiwa 60, kina vijazio zaidi, na kitayeyuka upesi.

Kwa sabuni ya maji tumia dodoki. Kijiko kimoja juu ya dodoki lililolowa kinatosha mwili mzima, wakati kiganjani nusu inatiririka kabla haijafika begani.

Hatua ya 6: Linganisha na kichwa chako

Nywele za asili zenye mikunjo mingi hukauka haraka kwa sababu mafuta ya kichwani hayafiki nchani kwa urahisi. Zinataka shampuu yenye betaine au glucoside, na kondishena kila baada ya kuosha. Zilizowekwa dawa au rangi zitunzwe hivyo hivyo. Kichwa chenye mafuta mengi, au kilichojaa jeli na mgando wa wiki tatu, slesi inakifaa.

Mba ni habari nyingine. Hapo kiambato ndicho unachokilipia: Ketoconazole, Selenium Sulfide au Salicylic Acid. Iache kichwani dakika 3 hadi 5 ndipo usuuze. Wanaosema dawa ya mba haifanyi kazi, wengi wao wameipaka na kuisuuza papo hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Tanga: Shikamoo dada. Maji yetu ni ya kisima. Nikiosha nywele na sabuni ya mche zinakuwa ngumu kama kamba na kunabaki kitu cheupe. Je, shida ni sabuni?

Marahaba. Shida ni sabuni ikikutana na hayo maji. Maji ya kisima mara nyingi yana kalsiamu na magnesiamu nyingi. Zikigusana na sabuni ya kipande, zinaganda kuwa utando mweupe, uleule unaouona ukingoni mwa ndoo, na huo ndio unaobaki kwenye nywele. Shampuu yenye slesi haigandi hivyo. Tafuta yenye Tetrasodium EDTA au Disodium EDTA, ambayo hukamata hayo madini. Ukiwa na maji ya mvua, yatunzie suuzo la mwisho. Kama hayapo, kijiko kimoja cha chakula cha siki kwenye lita moja ya maji kitauondoa huo utando. Pitisha, kisha suuza, na isiingie machoni.

Kutoka Nairobi: Mwalimu, mtoto wangu wa miezi minane ana pumu ya ngozi. Nimenunua ya watoto yenye harufu tamu sana, lakini anajikuna zaidi.

Pole, mama. Hiyo harufu tamu ndiyo ninayoishuku kwanza. Neno "baby" mbele ya chupa halimaanishi hamna manukato. Tafuta lebo isiyo na Parfum wala Fragrance, osha kwa maji ya uvuguvugu, dakika chache tu, na umpake mafuta mazito yasiyo na harufu ngozi ikiwa bado na unyevu. Ngozi ikianza kutoa majimaji au kuchimbika, mpeleke hospitali, usibadilishe sabuni tu.

Kutoka Mbeya: Dada, tunaambiwa shampuu za sulfate zinaleta saratani. Ni kweli?

Hapana, mpendwa. Zinaweza kukausha na kuwasha, saratani hakuna ushahidi. Kinachonipa wasiwasi zaidi ni fomalini wanayoweka baadhi ya wapishi wa sabuni kama kihifadhi. Hiyo, shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwenye kupika sabuni ya kuuza ahamie Sodium Benzoate, na ahakikishe pH iko chini, karibu na 5, kwa sababu penye alkali haifanyi kazi.

Kutoka Morogoro: Kwa hiyo ile ya kupima kwenye madumu tusinunue?

Ya kuoshea vyombo na sakafu, sawa. Ya mwilini na kichwani, mimi sinunui bila lebo. Anayepima anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini dumu linafunguliwa mara nyingi kwa siku, na sabuni isiyo na kihifadhi cha kutosha inaota bakteria hata kama inatoa povu. Ikibadilika harufu au ikijitenga tabaka, mwaga.

Kutoka Dodoma: Hizi za "kuua vijidudu asilimia 99.9" zina faida kweli? Mke wangu hataki nyingine.

Kaka, mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku viambato 19 kwenye sabuni za aina hiyo za mikono na mwili, triclosan ikiwemo. Sababu waliyotoa ni kwamba watengenezaji walishindwa kuonyesha kuwa ni salama kwa matumizi ya kila siku na kwamba zinazidi sabuni ya kawaida na maji. Shemeji yetu akiipenda harufu, aendelee, ila kwanza msome kama triclosan imo. Kwa kinga peke yake, msiongeze hela.

Kutoka Bukoba: Na sabuni za kung'arisha?

Ukiona Mercury, Mercuric Iodide, Calomel au Hg, usiiguse. Ni zebaki, inaingia mwilini na kudhuru figo. Hydroquinone nayo haitakiwi kwenye sabuni. Na kama sabuni inakung'arisha ndani ya wiki na lebo haitaji kiambato chochote cha maana, hiyo ni mbaya zaidi. Tanzania vipodozi viko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango, tangu 2019, wapelekeeni.

Kutoka Muscat: Dada, huku nina chupa kubwa ya shampuu imenibakia. Naweza kuogea?

Ogea tu. Linganisha lebo mbili utaona msafishaji ni yuleyule. Kama imeandikwa Dimethicone au ni ya 2 kwa 1 (shampuu na kondishena pamoja), ngozi itahisi utelezi kidogo, haina neno. Sabuni ya mwili kwenye nywele nayo inawezekana siku ya dharura, ikifuatiwa na kondishena. Na kwa hewa ya AC ya huko, hela uliyookoa nunua losheni yenye Glycerin juu ya mstari.