Namna ya Kuzuia Oili Isitoke Gerejini: Ukingo wa Mapipa na Chemba ya Kutenganisha Mafuta

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia shemeji yangu mwenye gereji Tabata, ambaye masika ilipoanza alifuatwa na majirani watatu wakiwa na ndoo ya maji meusi waliyoyachota kwenye mtaro unaopita mbele ya nyumba zao. Maji ya mitaro ya upande ule huishia Mto Msimbazi, nao Msimbazi huingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander, kwa hiyo oili inayomwagika gerejini haipotei, bali inahama tu. Kazi nzima ilituchukua wiki mbili, na siku nne kati ya hizo zilipotea kwa sababu ya kipande kimoja cha bomba, ambacho nitakieleza kwa kirefu kuliko vitu vingine vyote.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya ukingo wa mapipa

Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi ni kwamba ukingo, yaani ukuta mfupi unaozunguka mapipa ili oili inayovuja ibaki ndani, uweze kubeba asilimia 110 ya ujazo wa chombo kikubwa kuliko vyote, au asilimia 25 ya ujazo wa vyombo vyote kwa pamoja, na kati ya hesabu hizo mbili huchukuliwa iliyo kubwa. Kwa mapipa manne ya lita 200, hesabu ya kwanza inatoa lita 220 na ya pili lita 200, kwa hiyo tulijenga kwa lita 220.

Sakafu yetu ilikuwa ya mita 1.5 kwa mita 1.5. Ukigawanya lita 220 kwa eneo hilo unapata kina kisichofika sentimita 10, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu mapipa yenyewe yanakalia sakafu. Pipa moja lina kipenyo cha sentimita 58 hivi, na mapipa matatu mazima yaliyobaki baada ya moja kutoboka yanachukua karibu mita za mraba 0.8. Kina halisi kinakuwa sentimita 15. Safu moja ya tofali la kimo cha inchi 9 inatosha na kubakiza nafasi.

Hatua ya 2: Jenga na ujaribu

Fundi uashi yeyote mzuri anaijua kazi hii. Mwambie tu kwamba plasta iwe na dawa ya kuzuia maji, na kwamba kona za ndani ziviringishwe badala ya kuachwa kali, kwa kuwa nyufa huanzia konani. Lipu ikishakauka vizuri, jaza maji, weka alama ya chaki ukutani, funika kwa turubai, kisha rudi baada ya saa 24 kuangalia kama maji yamepungua.

Sikubaliani kabisa na desturi ya kupitisha bomba lenye koki kwenye ukuta wa ukingo ili kutolea maji ya mvua. Koki hufunguliwa siku ya mvua na kusahaulika hadi siku pipa litakapovuja. Ezeka bati juu ya ukingo, na maji machache yatakayoletwa na upepo yatolewe kwa pampu ya mkono baada ya mtu kuyaangalia na kuhakikisha kuwa hayana utando wa mafuta.

Hatua ya 3: Jenga chemba ya kutenganisha mafuta

Sakafu ya kuoshea magari na vipuri haiwezi kuzungushiwa ukingo na kuachwa hivyo, kwa sababu maji yanaingia kila siku na ni lazima yatoke. Hapo inahitajika chemba yenye vyumba vitatu vinavyofuatana: cha kwanza hukamata mchanga na matope, cha pili huacha mafuta yaelee, na cha tatu ni cha kukagulia kabla maji hayajaingia mtaroni. Chemba yetu ilikuwa na kina cha maji cha mita moja. Dizeli ina uzito wa takriban asilimia 85 ya uzito wa maji ya ujazo uleule, na oili ya injini inakaribia asilimia 90, hivyo vyote viwili huelea, na maji safi huchukuliwa kutoka chini.

Ili maji yachukuliwe chini, bomba linalotoka chumba cha pili kwenda cha tatu lazima liwe na mguu unaoshuka ndani ya maji. Sisi tulitumia bomba la PVC la inchi 4, na mdomo wake uliishia sentimita 60 chini ya uso wa maji. Fundi bomba alikuwa na elbo mkononi, yaani kiungo cha bomba kilichopinda kama kiwiko, akaifunga, nami nikaitazama nikaona ni sawa. Nilikosea.

Kwa siku mbili maji yalitoka masafi. Usiku wa siku ya tatu mvua kubwa ilinyesha, na asubuhi tulikuta chumba cha pili kimeshuka hadi kwenye mdomo wa bomba, hakina hata tone la mafuta juu, huku mtaro ukiwa mweusi. Tulidhani ukuta umepasuka. Tulitoa maji yote, tukakagua plasta kwa tochi, tukapaka saruji mahali ambapo hapakuwa na tatizo lolote, tukajaza upya, na mvua iliyofuata ikarudia mchezo uleule.

Sababu ilikuwa elbo yenyewe. Maji yanapokuwa machache, bomba halijai na hewa hubaki ndani yake, kwa hiyo kinachotoka ni kile tu kilichozidi usawa wa tundu la kutokea. Mvua kubwa inapolijaza bomba lote, na hasa kama upande wa pili linateremka sana kama letu lilivyokuwa, bomba hugeuka mpira wa kunyonyea petroli kutoka kwenye tangi: likishaanza kuvuta haliachi. Usawa wa maji hushuka, mafuta yaliyo juu hushuka pamoja nao, na pumzi ya mwisho kabla hewa haijaingia ndiyo inayoyameza mafuta yote.

Dawa yake ni tii, kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T, badala ya elbo. Tii ina mdomo wa tatu unaotazama juu, na mdomo huo ukiachwa wazi huingiza hewa, hivyo bomba haliwezi kuvuta. Zingatia mambo yafuatayo, kwa sababu tii ikifungwa vibaya haina faida:

Mdomo wa juu usizibwe kwa kifuniko, hata kama fundi atakuambia kuwa unapendeza ukizibwa. Weka wavu mdogo wa kuzuia panya na majani. Aidha, mdomo huo uwe juu kuliko mafuta yanayoelea, kwa sababu mafuta husimama juu kidogo ya usawa wa maji: tabaka la dizeli la sentimita 20 hupanda sentimita 3 juu ya usawa wa tundu la kutokea. Sisi tuliongeza kipande cha bomba cha sentimita 20 juu ya tii, na kupitia hapohapo tunaingiza waya wa kuzibulia.

Chemba ijazwe maji safi kabla ya kuanza kutumika. Chemba tupu inapopokea mafuta kwanza, mafuta hayo hulala chini na kupita kwenye mdomo wa bomba bila kizuizi. Vivyo hivyo, kila mnapochota mafuta, rudisheni maji yaliyopungua. Katika jua la Januari na Februari maji hukauka taratibu bila mtu kugundua, kwa hiyo tumepaka mstari mwekundu ukutani, na kijana wa zamu huutazama kila Jumatatu.

Hatua ya 4: Osha bila kuharibu chemba

Achaneni na sabuni ya unga sakafuni. Sabuni huvunja mafuta kuwa vitone vidogo visivyoelea kwa urahisi, na kitone ambacho kipenyo chake kimepungua mara kumi hupanda kwa kasi iliyopungua mara mia. Mashine ya kuoshea kwa mgandamizo mkubwa ina kosa hilohilo. Mimi napendelea kukwangua, maranda na ufagio mgumu kwanza, kisha maji kidogo.

Hatua ya 5: Oili ikimwagika

Simamisha chanzo, ziba njia ya mtaroni, ndipo uzungushe kitu cha kunyonya kuanzia nje kuelekea katikati. Soksi za kunyonya mafuta (mifuko mirefu iliyojazwa kitu cha kunyonya), ambazo kampuni ya New Pig ya Pennsylvania ilianza kuziuza miaka ya 1980, ni nzuri lakini zina gharama. Phil McCrory, msusi wa Alabama, aliona mwaka 1989 jinsi manyoya ya wanyama wa baharini yalivyonasa mafuta yaliyomwagika kutoka meli ya Exxon Valdez, akajaza nywele kwenye soksi ndefu za nailoni na kujaribu mwenyewe. Sisi tunayo sufi, ileile ya kujazia mito, ambayo ina nta ya asili inayokataa maji na kupokea mafuta. Ijaze kwenye mfuko wa chandarua kilichochakaa na uitupe juu ya maji ya chumba cha pili.

Maranda yasitumike kwa klorini ya bwawa wala kwa asidi ya naitriki, kwa sababu yanaweza kuwaka. Maji ya betri yanyunyizie magadi au chokaa hadi yaache kutoa povu, kisha yazoe kwa koleo la plastiki.

Hatua ya 6: Oili chafu na maranda yaliyolowa

Hifadhi kwenye pipa lenye mfuniko na maandishi, ndani ya ukingo, kisha umkabidhi mkusanyaji mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira na ubaki na stakabadhi. Watu watakuja kuomba oili chafu ya kupaka nguzo dhidi ya mchwa. Shemeji yangu alikuwa akiwapa bure. Sasa anawaonyesha ile ndoo ya majirani, ambayo bado ipo nyuma ya ofisi yake.